Spika Zikinyamaa Nyumbani



Mama zangu, dada zangu na wanangu, maswali yenu ya mirathi niliyoahidi kuyajibu nayaweka kando kwa juma hili, mniwie radhi. Nataka kuzungumza juu ya jambo lililonifika mwenyewe nyumbani, nalo ni spika za kompyuta zilizokataa kutoa sauti.

Bi mkubwa aliyenizaa ana wajukuu Muscat, na kila Ijumaa baada ya alasiri huzungumza nao kwa kompyuta iliyoko sebuleni. Macho yake yameingia ukungu, na sauti ya simu kwake ni ndogo mno. Ndiyo sababu nilimnunulia spika mbili za mezani, apate kuwasikia vyema. Ijumaa moja watoto wakatokea kwenye kioo, midomo yawacheza, sauti haiji. Yeye midomo haioni. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja, kimya. Ijumaa ya pili yakawa yale yale, akasema, "Hawa wamenisusa," akainuka akaenda zake chumbani. Sisi tuliokuwapo tulisahau kwamba maikrofoni ya kamera ilikuwa nzima, na kwamba wao kule walimsikia kila neno. Usiku ule shemeji yangu akanipigia simu akilia, ataka kujua watoto wamemkosea nini bibi yao.

Hilo, alhamdulillahi, lilisuluhishwa kwa simu ile ile. Spika zikabaki bubu. Nikazitia kapuni nikampelekea fundi mmoja wa mjini, naye, bila ya kuzijaribu mbele yangu, akaniambia zimeungua ndani na hazifai tena. Nikanunua mpya. Nilipozifunga nyumbani, nazo hazikusema kitu. Ni mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 12, aliyezichukua zile kuukuu akazichomeka kwenye simu ya mamake, zikavuma nyumba nzima.

Alilofanya kijana yule ndilo la kutangulizwa, kabla ya fundi na kabla ya kufungua mkoba: kujua kwanza ugonjwa uko upande gani. Chomoa ule waya mwembamba wa spika ulioingia katika kompyuta, uuchomeke katika simu yenye tundu la hedifoni, kisha ucheze chochote. Plagi ni ya kipimo kimoja, milimita 3.5. Spika zikisema, hazina kosa, na wa kuchunguzwa ni kompyuta. Zisiposema, iache kompyuta ipumzike, shughulika nazo. Na kama simu zenu zote ni hizi mpya zisizo na tundu, geuza jaribio: chomeka hedifoni ya waya katika kompyuta, mahali pale pale palipokuwa na spika, usikilize.

Tuseme ubaya uko kwa spika. Tazama taa yake inawaka au haiwaki, na kama haiwaki jaribu soketi nyingine. Zungusha kitufe cha sauti, maana mkono wa mwenye kupangusa vumbi hukigeuza mara nyingi bila ya kujua. Zipo spika zinazopata umeme kwa waya wa USB na sauti kwa waya mwingine. Watu huchomeka ule wa USB, taa ikawaka, wakadhani kazi imekwisha, kumbe waya wa sauti unaning'inia nyuma ya meza. Ikiwa inasema spika moja tu, fahamu kwamba mara nyingi umeme na kikuza sauti vimo katika moja, na mwenziwe hulishwa kwa waya unaoziunganisha. Huo ndio wa kutazamwa.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Plagi iliyokaa mwaka mzima bila ya kuguswa huota kutu au doa la kijani, na umeme mdogo wa sauti haupiti vizuri hapo. Zima kila kitu, uifute kwa kitambaa kikavu, au kilichotiwa spiriti kidogo, uiache ikauke. Kisha uichomeke mpaka mwisho. Plagi iliyoingia nusu ina vituko vyake: pengine wasikia upande mmoja tu, na pengine wasikia muziki wa nyuma kwa mbali ilhali msemaji mwenyewe kapotea. Lakini spika inayotumia umeme wa ukutani usiifungue. Ndani mna kapasita ambazo huweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Sasa kompyuta. Tundu zake za sauti kwa nyuma hupakwa rangi, na rangi hizo takriban ni zile zile kwa watengenezaji wengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: kijani ni ya kutolea sauti, waridi ni ya maikrofoni, buluu ni ya kuingizia sauti kutoka chombo kingine. Hapa ndipo siri yangu ilipofichuka. Siku chache kabla ya Ijumaa ile ya kwanza, mimi mwenyewe, si mtoto wala kijakazi, nilisogeza meza ili ukuta upakwe chokaa. Nilipozirudisha nyaya, gizani, kwa kupapasa, niliutia wa spika katika waridi. Spika ziliwekwa mahali ambapo kompyuta hungojea kusikia, wala haisemi.

Waya ukiwa katika kijani na bado kimya, itazame alama ndogo ya spika chini ya kioo, upande wa kulia, ikiwa yatumia Windows. Yawezekana ina alama ya kuzimwa sauti. Isipokuwa hiyo, bofya hapo ufungue orodha ya vyombo vya kutolea sauti, uone kompyuta imechagua kipi. Hili ndilo linalowasumbua wengi siku hizi. Ukiiunganisha na televisheni kwa kebo ya HDMI, sauti huweza kuhamia huko. Na hedifoni ya Bluetooth ya binti yako, ikiwa imewashwa chumbani, huweza kuivuta sauti ya sebuleni wala yeye hana habari. Ichague spika yako, basi. Na ikiwa sauti yapatikana kwingine ila katika mazungumzo ya video tu, kosa limo katika ile programu ya mazungumzo, kwani nyingi zina mipangilio yake yenyewe ya spika na ya maikrofoni.

Yote hayo yakishindwa, zima kompyuta uiwashe upya. Kama sauti ilipotea baada ya Windows kujisasisha, huenda ile programu inayoiendesha sauti, iitwayo draiva, imeharibika. Hutolewa na kuwekwa upya, na hapo mwenye hofu amwite anayejua. Ukienda kwa fundi, mwambie umejaribu nini na umeona nini, umwombe azijaribu ukiwa umesimama hapo hapo.

Zile spika mpya nimempa dada yangu, kwa ajili ya masomo ya kijana wake. Za zamani zimerudi mezani kwa bi mkubwa. Waya wake nimeufunga uzi wa kijani, na kila Ijumaa, kabla ya watoto kutokea, yeye huupapasa kwanza kwa vidole, ajue upo.