Mtoto wa Kike au wa Kiume: Lawama si za Mama

Mke wa askari aliyekwisha kuzaa mabinti watatu huweza kuibeba mimba ya nne kwa hofu. Mume yuko mbali kazini, na mawifi huuliza kila wamwonapo: "Safari hii utatuzalia mwanamume?" Mama huyo, badala ya kuomba uzima, huomba apate mtoto wa kiume ili asije akaletewa mke mwenza.

Yafaa ifahamike katika kila nyumba kwamba yai la mama hubeba kromosomu ya X peke yake. Mbegu ya baba ndiyo ijayo na X au Y. Ikija X, huzaliwa binti. Ikija Y, huzaliwa mwana wa kiume. Baba naye hachagui. Basi, kumfukuza mke kwa kuzaa wasichana ni kumwadhibu mtu asiye na kosa.

Wako wanaokimbilia kipimo cha altrasaundi ili kuijua jinsia tu. Kazi kubwa ya kipimo hicho ni kuonyesha umri wa mimba, idadi ya watoto na mahali lilipo kondo la nyuma. Pale kilipotumiwa kuwachagua watoto, madhara yalionekana. Katika Korea ya Kusini, mwaka 1990, walizaliwa wavulana wapatao 116 kwa kila wasichana 100, hali kwa maumbile huwa 105 hivi. Sheria ya mwaka 1987 ilikuwa imekwisha wakataza madaktari kutaja jinsia, lakini haikutosha. Hesabu ilirudi kuwa ya kawaida wanawake walipopata elimu na kazi, na wazazi walipoona kwamba binti naye ni tegemeo la uzeeni.

Nchini Uganda, Katiba ya mwaka 1995 yampa mwanamke hadhi sawa na mwanamume, na mabinti wanavaa sare za jeshi na polisi pamoja na kaka zao. Asemaye kwamba binti hailindi nyumba na atazame gwaride.

Hapana budi, basi, baba apatapo likizo amsindikize mkewe kliniki, naye amwulize mkunga swali lililo la maana: mama na mtoto wana afya? Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.