Nishani Husomwa, Hazihesabiwi

Ndugu msomaji, wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Jeshini pete hiyo huvikwa kifuani, nayo huitwa nishani. Siku ya gwaride, afisa mwenye safu tatu au nne za tepe za rangi hutazamwa na kila mtu. Watoto wa kambini huzihesabu kwa vidole, na wakubwa hunong'onezana kwamba huyo kweli amepigana. Lakini kuhesabu si kusoma. Mtu aweza kuhesabu nishani ishirini asijue hata moja ilipatikana wapi na kwa kazi gani. Juma hili tusome kifua cha afisa mmoja mashuhuri, ili tuone nishani husema nini, na ni mambo gani isiyoweza kuyasema.

Kwanza yafaa tutenganishe aina zake. Ziko nishani za kushiriki, ambazo hupewa kila aliyekuwapo katika vita fulani. Wazee wetu waliokwenda Burma pamoja na King's African Rifles walirudi na Nyota ya Burma. Aliyepika na aliyeshika bunduki waliipata sawasawa, maadamu walihudumu huko. Pili, ziko nishani za ushujaa, ambazo hutolewa kwa tendo moja la siku moja. Tatu, ziko za utumishi bora, ambazo hutolewa kwa kazi ya miezi au miaka. Katika majeshi mengine iko pia nishani ya jeraha. Asiyejua tofauti hizi atamsifu mtu kwa jambo asilolitenda, na atampita shujaa bila kumtambua.

Afisa tunayemsoma ni Jenerali Colin Powell wa Jeshi la Marekani, aliyefariki dunia tarehe 18 Oktoba 2021. Alizaliwa New York mwaka 1937, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika. Baba yake alifanya kazi katika kampuni ya nguo, na mama yake alikuwa mshonaji. Hakupitia chuo kikuu cha kijeshi cha nchi yake. Alipata mafunzo ya uafisa akiwa mwanafunzi wa chuo cha kawaida mjini kwao, akawa luteni mwaka 1958. Alitumika miaka 35.

Nishani yake ya kwanza ya kivita huitwa Moyo wa Zambarau. Asili yake ni kipande cha kitambaa chenye umbo la moyo, alichokiagiza Jenerali George Washington mwaka 1782 ili kuwatukuza askari wa kawaida. Baadaye kilisahauliwa, kikafufuliwa mwaka 1932 kama nishani ya waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Powell aliipata mwaka 1963. Alikuwa kapteni, mshauri wa batalioni ya Vietnam ya Kusini, wakitembea kwa miguu katika misitu ya bonde la A Shau. Akakanyaga mtego: kijiti cha mwanzi kilichochongwa kikali na kupakwa kinyesi, kikapenya soli ya kiatu na kutoboa mguu. Hakuna baruti iliyolia, wala bendera iliyotekwa. Nishani hiyo haidai kwamba mwenye kuivaa alimshinda mtu. Yasema tu kwamba damu yake ilimwagika akiwa kazini.

Sasa tutazame nyumbani, maana ukurasa huu ni wa nyumbani. Powell alimwoa Alma Johnson mwezi Agosti 1962, akasafirishwa kwenda Vietnam mwezi Desemba mwaka huo huo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Machi 1963, baba akiwa msituni, na barua ya kumpasha habari ikachelewa njiani. Mama na mtoto walikuwa wakikaa kwa wazazi wa Alma mjini Birmingham, katika jimbo la Alabama. Mwaka ule Birmingham ilikuwa uwanja wa mapambano ya watu weusi wakidai haki zao. Mwezi Mei polisi waliwafungulia waandamanaji mbwa na mabomba ya maji, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Mwezi Septemba bomu lilitegwa kanisani, likaua wasichana wanne. Baba mkwe, ambaye alikuwa mwalimu mkuu, alikesha na bunduki akilinda nyumba. Basi fikiri, ndugu msomaji: askari yuko ng'ambo akipigania bendera ya nchi yake, ilhali mkewe na mwanawe mchanga hawana usalama chini ya bendera hiyo hiyo. Kwa jambo hilo hakuna tepe iliyoshonwa.

Aliporudi, mwanzoni mwa mwaka 1964 alikuwa akitafuta nyumba karibu na kambi kubwa ya askari wa miguu katika jimbo la Georgia. Njaa ikamshika, akasimamisha gari kwenye mkahawa mmoja kuagiza mkate wa nyama. Mhudumu akamwuliza kama yeye ni mwanafunzi kutoka Afrika. La. Ni mtu wa Puerto Rico? La. Akasema yeye ni Mmarekani mweusi, tena afisa wa jeshi. Mhudumu akamwambia hawezi kumhudumia pale. Aende nyuma, apokee chakula mlangoni. Powell akaondoka na njaa yake. Mwezi Julai 1964 sheria ya haki za raia ilipotiwa sahihi, alirudi kwenye mkahawa ule ule, akaagiza, akaletewa, akala. Nishani haikumfungulia mlango ule. Sheria ndiyo iliyoufungua. Kumvika mtu nishani ni jambo la dakika tano, lakini kumpa heshima ya kila siku ni kazi ya nchi nzima.

Tufike sasa kwenye tepe ambayo wengi huipita, nayo pengine ndiyo nzito kuliko zote. Huitwa Nishani ya Askari, iliyoanzishwa mwaka 1926, yenye umbo la pembe nane. Hupewa aliyehatarisha maisha yake pasipo kupambana na adui. Mwezi Novemba 1968 Powell, sasa akiwa meja, alikuwa Vietnam kwa mara ya pili. Helikopta iliyombeba pamoja na mkuu wa divisheni yake, Jenerali Charles Gettys, ilikuwa ikitua katika uwazi mdogo wa msitu, pangaboi likagonga mti, ikaanguka. Powell alivunjika kifundo cha mguu, akatoka nje. Moshi ukaanza kufuka. Angeweza kukaa mbali akingojea msaada, na hakuna ambaye angemlaumu. Akarudi, akamtoa jenerali wake, kisha akasaidia kuwatoa wengine. Hapakuwa na adui wa kumpiga risasi siku ile, ila moto uliokuwa karibu kuwaka na wenzake waliokwama. Polisi na wazima moto wataielewa nishani hii upesi, kwa sababu ushujaa wao mwingi ni wa namna hiyo.

Kadiri cheo kilivyopanda, tepe zake zilibadilika tabia. Zikaja za utumishi bora, na nyingine zikarudiwa. Katika jeshi lile, nishani ikitolewa mara ya pili askari havai tepe mbili za namna moja, bali hutiwa kijani kidogo cha mwaloni juu ya tepe ile ile. Mwaka 1989 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo, akaishika hata mwaka 1993. Baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991 Rais alimpa Nishani ya Uhuru, akaipata tena mwaka 1993. Mwaka huo huo Malkia wa Uingereza alimpa daraja la heshima. Hizi hazisimulii siku moja ya hatari. Zasimulia mipango, kukesha ofisini, na maelfu ya askari ambao kazi yao ilihesabiwa kwa jina la mkuu wao. Afisa mwenye busara hulijua hilo anapozivaa.

Powell mwenyewe hakufumba macho juu ya kasoro za mambo haya. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1995, alieleza jinsi nishani zilivyogawiwa ovyo huko Vietnam, hata kamanda wa batalioni akaagwa na Nyota za Fedha tatu kwa utumishi wa miezi sita tu. Lawama yake ilikuwa na msingi. Nishani ikigawiwa kama peremende, hasara haimpati mpokeaji, bali yule koplo aliyeipata kwa kweli, kwani tepe yake sasa haina wa kuiamini. Kwa hiyo mkubwa anayempendekeza askari wake na apime maneno yake kama shahidi mahakamani.

Tena nishani si kinga ya makosa. Tarehe 5 Februari 2003, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, Powell alieleza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraki ilikuwa na silaha za maangamizi. Silaha hizo hazikupatikana. Baadaye alikiri hadharani kuwa hotuba ile ni doa katika historia yake. Kifua kilibaki na tepe zote, na doa likabaki pia. Msomaji wa haki husoma yote mawili.

Basi, mama mwenye nyumba, na wewe ndugu askari, tukumbushane jambo la manufaa. Nishani iliyomo kabatini ihifadhiwe mahali pakavu, ndani ya kitambaa safi cha pamba. Isianikwe juani, kwa sababu tepe hupauka. Isisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia shaba mara kwa mara, maana maandishi hufutika. Kitambaa laini kikavu chatosha. Cheti chake kiwekwe pamoja nayo, kwa kuwa nishani isiyo na cheti ni kipande cha chuma tu machoni pa wajukuu. Kisha chukueni karatasi, muandike tarehe, mahali, na tendo lenyewe kwa sentensi chache, wakati aliyelitenda angali hai wa kusahihisha. Chini yake andikeni pia majina ya waliobaki nyumbani siku ile, na walivyoishi mpaka aliporudi.