Mgonjwa wa London aliyewasemea watoto wa migodi



Sisi tunaokaa karibu na migodi tunajua gisi mambo yanavyoanza. Leo mtoto anamsindikiza kaka yake kuosha mawe, kesho kutwa ameacha masomo. Basi mwezi huu nataka kuwaambia habari ya mwanamke mmoja wa Uingereza, mtunga mashairi, Elizabeth Barrett.

Alizaliwa mwaka 1806 karibu na Durham, inchi ya makaa ya mawe. Jamaa yake walikuwa matajiri, lakini mali nyingi ilitoka Jamaika, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Tangu ujana alikuwa mgonjwa. Mwaka 1840 ndugu yake Edward, aliyempenda sana, alizama baharini. Kisha Elizabeth akakaa miaka kadhaa karibu kufungwa ndani ya chumba kimoja mjini London. Kazi yake ilikuwa kusoma, kuandika mashairi na kuandikia rafiki zake barua.

Wakati ule serikali ilituma watu kuchunguza kazi ya watoto. Watu hao waliwauliza watoto wenyewe, wakaandika majibu yao. Mwaka 1842 habari ya migodi ikatolewa, tena na picha. Watu wakashangaa sana. Kulikuwa watoto wa miaka mitano au sita wakikaa peke yao katika giza, kazi yao kufungua na kufunga mlango wakati magari ya makaa yanapita. Wengine, wasichana na wavulana, walifungwa mkanda na mnyororo kiunoni, wakavuta gari kwa kutambaa kama nyama. Mwaka ule ule sheria ikakataza wanawake na wasichana wote, na wavulana chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya udongo.

Rafiki mmoja wa Elizabeth, Richard Horne, alikuwa mmoja wa wale wachunguzi. Elizabeth alisoma habari hizo, na mnamo Agosti 1843 shairi lake juu ya kilio cha watoto likatoka katika gazeti la Blackwood's. Angalieni vile alivyofanya: hakuwahubiri watoto. Aliwaacha waseme wenyewe. Wanasema wamechoka mpaka hawana hamu ya kucheza. Wanasema mwenzao aliyekufa amepata kupumzika. Na maombi, wanajua maneno mawili tu. Wakubwa waliosoma waliona haya.

Shairi peke yake halitungi sheria. Lakini liliwasaidia watu wasisahau upesi. Mwaka 1844 sheria nyingine iliwapunguzia saa watoto wa viwanda vya nguo: chini ya miaka 13, saa sita na nusu kwa siku.

Elizabeth hakunyamaza hata juu ya mali ya jamaa yake. Shairi lake lingine, ambamo mtumwa mwanamke anasema mwenyewe, lilitokea Boston katika kitabu cha wapinzani wa utumwa. Baba yake alikataza watoto wake wote kuoa au kuolewa. Yeye, akiwa na miaka 40, aliolewa kwa siri mwaka 1846 na mtunga mashairi Robert Browning, wakahamia Italia. Baba hakumsamehe. Walizaa mtoto mmoja, mvulana, na mama huyu alikufa Florence mwaka 1861.

Vijana, kuna mtu anayesema, "Mimi ni mgonjwa, mimi ni msichana tu, nitafanya nini?" Huyu alikuwa na kitanda, karatasi na wino. Na ninyi wazazi, kumbukeni: mambo yale yalianza kubadilika siku ambapo mtu alimuuliza mtoto, akangojea jibu lake.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:
1. Mtoto wako amefanya kazi gani juma hili? Umemuuliza inamchokesha namna gani?
2. Katika mtaa wenu, ni nani anayeacha masomo, na nani anaweza kumsemea?

Mpaka mwezi ujao.