Mwalimu Darasani na Mpigaji Jukwaani

Katika mazoezi ya kufundisha huonekana walimu watarajiwa wa aina mbili. Wa kwanza hulishika andalio la somo kama mvukaji wa mto ashikavyo kamba. Hupita hatua moja baada ya nyingine, na hata kama watoto wamepotea tangu hatua ya pili, yeye hufika ya tano kwa dakika zilizopangwa. Wa pili huamini kuwa kufundisha ni kipaji. Huingia darasani mikono mitupu, akiutegemea ulimi wake. Maoni yetu ni kwamba wote wawili wangefaidika kwa kuwachunguza watu ambao vyuo vya ualimu havina desturi ya kuwataja, nao ni wapigaji wa bendi zetu za dansi.

Yafaa tueleze kwanza neno lenyewe. Nchini Tanzania "jazz" halikumaanisha hasa muziki wa Wamarekani weusi, bali lilikuwa jina la bendi ya dansi. Tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, kisha Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz na Vijana Jazz. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, iliundwa mwaka 1964. Ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo wapenzi wake waliipa jina la mtindo wake, Sikinde, uliotokana na ngoma ya Wazaramo. Wakazi wa Kinondoni na Temeke wamezisikia bendi hizi kwa miaka mingi katika kumbi za mitaa yao, kama ule wa Vijana, Kinondoni, na ule wa TCC, Chang'ombe.

Nyimbo nyingi za bendi hizo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Studioni wote walipiga kwa pamoja, na hapakuwa na mtu wa kucheza mbele yao. Wimbo ulitoka safi, ukapendwa nchi nzima. Hata hivyo, mtu aliyekwisha kuusikia redioni mara ishirini alitoa kiingilio chake Jumamosi akausikilize tena ukumbini. Alijua kuwa huko wimbo utakuwa ule ule, lakini utapigwa kwa ajili yake na wenzake waliokuwapo usiku huo. Basi ni nini kinachomfanya mpigaji afikie kilele cha ustadi wake mbele ya watu?

Sababu ya kwanza ni maandalizi. Mtunzi huleta maneno na sauti ya wimbo; wenzake huketi pamoja naye, huyu akitafuta njia ya gitaa la solo, yule ya ridhimu, wengine wakipanga vipande vya tarumbeta na saksafoni. Hurudia mpaka vidole vikumbuke bila kuamriwa. Mtu asiyelazimika kufikiri juu ya vidole vyake ana nafasi ya kuwatazama wachezaji. Hivyo maandalizi hayaui uhuru wa mpigaji. Ndiyo yanayomnunulia uhuru huo. Hali kadhalika, mwalimu anayelijua somo lake barabara huinua macho kutoka kwenye karatasi, akaona ni nani ameelewa na ni nani anaitikia tu.

Sababu ya pili ni msingi usioyumba. Gitaa la solo linapopaa, besi, ridhimu na tumba hubaki pale pale. Kama wote wangepaa, hapangekuwa na mahali pa kurudi. Mfano mashuhuri watoka Marekani. Mwaka 1956, katika tamasha la Newport, bendi ya Duke Ellington ilipiga kazi yenye sehemu mbili aliyoitunga mwaka 1937. Baina ya sehemu hizo, mpiga saksafoni Paul Gonsalves alipiga mizunguko 27 mfululizo, huku besi na ngoma zikimshikilia, mpaka wasikilizaji wakainuka kucheza. Mwanzo na mwisho vilikuwa vimeandikwa. Katikati paliachwa wazi. Darasani msingi huo ni taratibu za kila siku: namna ya kugawa madaftari, ya kuingia katika vikundi, ya kunyamaza mwalimu anapoinua mkono. Katika darasa la watoto mia, ambalo si ajabu katika jiji letu, mwalimu asiye na taratibu hizo hawezi kuthubutu kubadili lolote, kwa kuwa kila badiliko litazaa vurugu.

Sababu ya tatu ni kujua wakati. Nyimbo nyingi za dansi huanza polepole, maneno yasikike na kisa kieleweke. Baadaye huja sehemu ya kasi ambayo wanamuziki wenyewe huiita chemko. Kiongozi wa bendi hutazama miguu ya wachezaji ndipo aamue chemko kianze lini na kidumu kiasi gani. Kikianzishwa mapema, watu hawajapata joto. Kikicheleweshwa, wamekwisha kuketi. Nao wahenga walionya kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka.

Tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu anafundisha sehemu katika Hisabati. Anauliza ipi kubwa, theluthi au robo, na nusu ya darasa yajibu kwa sauti moja kuwa ni robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Andalio lasema hatua inayofuata ni zoezi la kuandika. Mwalimu wa aina ya kwanza ataandika zoezi ubaoni, na kosa litaingia katika madaftari yote. Wa pili atatoa maneno matamu yasiyosaidia. Mwalimu tumtakaye atagawa karatasi za madaftari ya zamani zenye ukubwa sawa. Watoto wakunje moja mara tatu sawa, nyingine mara nne, kisha waweke kipande juu ya kipande na kujionea. Zoezi litangoja. Lakini mwalimu huyo hakulibuni jambo hilo kwa miujiza. Alikwisha kuwaza nyumbani mahali watoto watakapokwama, akaja na karatasi.

Hapa hatuna budi kuonyesha pia mahali ambapo mfano wetu unakoma. Waliokuja ukumbini walikuja kwa hiari yao, na asiyependezwa huenda zake. Mtoto wa Mbagala au wa Tandale hakuchagua somo wala mwalimu. Akipotea, hubaki ameketi kimya mpaka kengele ilie. Tena, wahenga husema mcheza kwao hutunzwa, na ukumbini anayeridhika husogea mbele akamtunza mpigaji kwa noti. Ni rahisi mpigaji kuwapigia hao walio karibu na jukwaa. Darasani watunzaji wetu ni wale watoto watano au sita wa madawati ya mbele, wanaoinua mikono kabla swali halijakwisha. Wanatupa raha, nasi hudhani somo limechemka. Mwalimu hupimwa kwa yule wa nyuma kabisa, ambaye hatunzi mtu. Ni wajibu wetu kumfuata aliko, kumwuliza, na kumngoja ajibu.

Kwa sababu hizo tuna pendekezo kwa wakufunzi wenzetu na kwa ninyi walimu watarajiwa. Mkufunzi anayekagua mazoezi ya kufundisha asimpunguzie mwanachuo alama kwa sababu tu ameiacha hatua iliyoandikwa. Amwulize baada ya kipindi: uliona nini hata ukabadili, na watoto walipata nini? Mwenye jibu amefundisha. Asiye na jibu amebahatisha. Nanyi, kila andalio mnaloliandika, litajieni mahali pamoja ambapo mnatazamia watoto wakwame, na zana mtakayokuwa nayo mkononi wakikwama. Kipindi kikiisha, msiandike katika sehemu ya maoni kwamba "somo limeeleweka", maneno yanayojazwa kila siku bila kumweleza mtu lolote. Andikeni ni swali lipi liliwatatiza watoto, mliacha nini, mkaweka nini mahali pake. Andalio la kesho lianzie hapo.