Sarafu Moja na Jasho la Mkulima

Kilwa Kisiwani iliwahi kufua sarafu zake za shaba, kwa kuwa dhahabu ya Sofala ilipitia bandarini pake. Biashara ilitangulia, sarafu ikafuata.

Tarehe 30 Novemba 2013, jijini Kampala, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha. Sarafu moja ilitazamiwa ifikapo 2024. Sasa lengo ni 2031. Kwetu, ucheleweshaji huo si hasara tupu. Nchi iliyo ndani ya sarafu ya pamoja haiwezi tena kuacha shilingi yake ishuke ili mazao yake yapate soko nje. Hubaki na tija na ubora. Vikikosekana, mzigo humwangukia mkulima na kibarua.

Ufuta na korosho za Lindi hutegemea wanunuzi wa Asia. Korosho nyingi husafirishwa ghafi, na ajira ya kubangua huondoka nazo.

Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha katika Laborem Exercens (1981) kwamba kazi hutangulia mtaji. Basi tudai kwanza viwanda vya kubangulia, vyama vya ushirika vyenye uaminifu na mizani ya haki. Noti mpya zitafuata.