Tuwakumbuke na mafundi wa titani

 Mwandishi, makala yako imesifu marubani na injini, nami naomba tuwakumbuke pia mafundi. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma, na kisa cha karakana ya kampuni ya ndege ya Lockheed kule Burbank, California, miaka ya 1960, hakinitoki kichwani.

Walipounda ndege ya A-12, na baadaye SR-71, walichagua titani kwa sababu ndege ikizidi mara 3 ya kasi ya sauti, ngozi yake hupata joto la kulegeza aluminiamu. Lakini titani ina ukorofi wake. Vichwa vya bolti vilikatika vikipata moto. Chanzo kikawa spana zilizopakwa kadimiamu. Paneli za bawa zilizochomelewa wakati wa joto ziliharibika mapema, za majira ya baridi zikadumu. Wakachunguza hadi wakagundua kwamba wakati wa joto maji ya mji yalitiwa klorini kuzuia mwani, na paneli zilioshwa kwa maji hayo hayo. Wakahamia maji yaliyokenekwa, tatizo likaisha.

Wasingejua hayo kama wasingeweka kumbukumbu za kila kipande. Hili ndilo ningependa vyuo vyetu vya ufundi vilikazie: mwanafunzi aandike chuma gani, siku gani, kimeoshwa kwa maji gani. Mkono hodari pekee hautoshi. Titani haisamehe uchafu, na huko angani hakuna nafasi ya kurudia kazi.