Herufi Tatu Mahakamani

Wapo wanaodhani kwamba kuchagua kati ya "I saw him take the money" na "I saw him taking the money" ni shughuli ya watahini wa Kiingereza, na kwamba anayekosea hupoteza alama moja tu. Katika mahakama za Kenya, uchaguzi huo ni suala la haki.

Kitenzi kitupu, "take", humaanisha kwamba msemaji aliliona tendo lote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kitenzi chenye "-ing" humaanisha kwamba aliliona likiendelea. Mwisho wake huenda hakuuona. Baada ya vitenzi vya kuona na kusikia, Kiingereza humlazimisha mtu kuchagua.

Kiswahili hakimlazimishi. "Nilimwona akichukua pesa" huweza kuwa na maana zote mbili. Anayetaka kubainisha huongeza: "akazitia mfukoni, akaenda zake." Huo si upungufu; ni utaratibu mwingine wa lugha.

Sasa tazama yanayotendeka. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria inaziruhusu mahakama za chini kukitumia. Hata hivyo, shahidi husema Kiswahili na kumbukumbu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Hakimu akiandika "take", amemtilia shahidi kinywani uhakika ambao hakuutamka. Akiandika "taking", amempa wakili wa mshtakiwa shaka ambayo huenda shahidi hakuwa nayo. Jaji wa rufaa, asiyemwona shahidi, atalisoma neno la hakimu na kuliita ushahidi. Kati ya wizi na jaribio la wizi, herufi tatu zaweza kuwa na uzito wa miaka gerezani.

Watatujibu kwamba dawa ni kufundisha Kiingereza zaidi. Hasha! Hakimu anayekijua Kiingereza barabara bado atalazimika kuchagua, na ujuzi wake haumwonyeshi alichokiona shahidi. Maneno ya shahidi yaandikwe kama alivyoyasema. Pale ambapo tafsiri haiepukiki, aulizwe kwanza: "Mwisho wake uliuona?" Jirani zetu Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Sisi twangoja nini? Gharama ya kungoja ipo, na wanaoilipa si sisi tuliosoma.